Mfupa wa jino ulioliwa na ugonjwa wa fizi, unarudi au ndo basi?

Swali: Daktari shikamoo. Nina miaka 41, fizi zangu zimetoa damu miaka mingi nikawa napuuzia. Sasa nimepigwa eksirei nimeambiwa mfupa unaoshika meno umeliwa. Meno ya mbele ya chini mfupa umeshuka wote sawasawa, gego dogo la juu kulia lina shimo refu pembeni ya mzizi na linacheza kidogo, na gego kubwa la chini kushoto mfupa umeliwa pale mizizi inapogawanyika. Daktari wa kwanza kasema ning'oe hayo mawili niweke implanti, yaani jino bandia linalopachikwa kwenye mfupa. Wa pili kasema anaweza kuotesha mfupa kwa unga na utando. Mtandaoni nako naona dawa za kusukutua eti zinarudisha mfupa. Navuta sigara kama kumi kwa siku. Mfupa unarudi kweli? Na nimuamini nani?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuandika kila kitu mpaka sigara, wengi hiyo wanaificha na kumbe ndo inayobadilisha jibu lote.

Nianze na unachosubiri kusikia. Ndiyo, mfupa unarudi, ila sio wote, sio kwenye kila jino na sio kwa kila mtu. Kwa ulivyoeleza, hilo gego dogo la juu lina nafasi nzuri ya kuokolewa, gego kubwa la chini linategemea kipimo kimoja ambacho hujasema kama kilifanyika, na meno ya mbele mfupa ulioshuka hautapanda tena, lakini hiyo haimaanishi utayapoteza. Kuhusu umuamini nani, mimi kwa sasa ningekuomba usimruhusu yeyote kati yao kukata wala kung'oa, maana kwa maelezo yako naona wote wawili wameruka hatua ya kwanza, na hatua hiyo ndo inayoamua mengine yote.

Kwanza uelewe nini hasa kimepotea. Mtu akiambiwa mfupa umeliwa anafikiri shida ni mfupa tu, kwa hiyo ukimwagiwa mfupa mwingine mambo yameisha. Sivyo. Jino halijagandana na mfupa moja kwa moja, katikati yao kuna nyuzi ndogo sana, nafasi yenyewe ni kama milimita 0.2 tu, upande mmoja zimezama kwenye mfupa na upande wa pili zimezama kwenye tabaka jembamba gumu linalofunika mzizi, sisi tunaliita sementi ya mzizi. Nyuzi hizo ndo zinalishika jino na ndo zinakujulisha umeuma kitu kigumu au kilaini. Ugonjwa ukiingia unaharibu vyote kwa pamoja, nyuzi zinakatika, sementi inachafuka, mfupa unayeyuka. Kwa hiyo tiba ya kurudisha, kama ni ya kweli, inatakiwa irudishe vyote vitatu, mfupa ukijaa pembeni ya mzizi bila nyuzi kushika, hapo umepata picha nzuri ya eksirei lakini jino halijashikwa na kitu.

Halafu kuna jambo watu wengi hawaambiwi kabisa: bakteria wenyewe sio wanaotafuna mfupa. Wao wanakaa kwenye ukoga na ugaga (ukoga uliogandia jino ukawa mgumu) chini ya fizi, mwili unawashambulia hapo kila siku mwaka hadi mwaka, uvimbe hauishi, na uvimbe huo ndo unaoamsha seli za mwili wako mwenyewe ambazo kazi yake ni kuvunja mfupa. Yaani mfupa unarudi nyuma kukimbia maambukizi. Sasa fikiria mtu anakuwekea unga wa mfupa hapo wakati uchafu uko palepale na fizi bado inavuja damu, mwili utaufanya nini huo unga? Utaukimbia vilevile. Unga utatoka na usaha na pesa yako itakuwa imeenda.

Ndo maana nasema wameruka hatua. Hatua ya kwanza ni kusafishwa kwa kina, sio ile ya kung'arisha meno kwa juu, nasema kusafisha chini ya fizi, mzizi kwa mzizi, kwa ganzi ikibidi, mpaka ugaga wote uliogandia mizizi utoke, na wewe nyumbani unafundishwa kupiga mswaki vizuri na kutumia brashi ndogo za katikati ya meno, maana mswaki wa kawaida haufiki kule katikati na huko ndo ugonjwa unaanzia. Halafu inasubiriwa miezi kama mitatu hivi, ndo unapimwa tena upya. Mwongozo wa chama cha Ulaya cha wataalamu wa fizi uliotoka 2020 umeweka hivyohivyo, upasuaji unakuja baada ya kusafisha na kupima tena, na tiba za kurudisha mfupa zinafikiriwa pale mfuko kati ya fizi na jino ukibaki milimita 6 au zaidi na chini yake kuna shimo la mfupa lenye kina cha milimita 3 au zaidi. Na nikuambie ukweli, kuna mashimo ambayo yakisafishwa tu vizuri fizi inabana, jino linaacha kucheza, na baada ya mwaka eksirei inaonyesha mfupa umejaa kidogo bila hata upasuaji. Sio yote, ila yapo ya kutosha hivi kwamba kukata kabla ya kusubiri hapo mimi sioni sababu yake.

Sasa tuje kwenye hiyo sayansi ya unga na utando, maana umeambiwa tu majina bila maelezo.

Ukifungua fizi ukasafisha shimo ukaishona, kinachopona haraka kuliko vyote ni ngozi ya fizi. Inashuka mbio ndani ya siku chache inafunika mzizi wote, na ikishafika pale basi, nyuzi na sementi zinakosa nafasi maana zenyewe zinaota polepole. Jeraha limepona ndiyo, damu haitoki, lakini hakuna kilichorudi. Mwaka 1976 mtafiti anaitwa Melcher alitoa hoja kwamba aina ya kupona inategemea ni seli zipi zinawahi kufika kwenye mzizi, na zile zinazotoka kwenye nyuzi za jino ndo zenye uwezo wa kujenga upya mshiko. Mwaka 1982 Nyman na wenzake kule Sweden wakaijaribu kwa binadamu, wakaweka kizuizi kati ya fizi na mzizi ili ngozi isishuke, na walipoangalia baadaye kwa darubini wakakuta sementi mpya na nyuzi mpya zimeshika kwenye mzizi uliokuwa mgonjwa. Kwa fani yetu hiyo ilikuwa habari kubwa sana kwa sababu mpaka hapo wengi waliamini mzizi ukishaugua hauwezi kushikwa tena.

Utando anaousema daktari wako wa pili ndo huo. Mwanzoni zilikuwa za plastiki maalumu ambayo haiyeyuki, ilibidi ufunguliwe tena wiki kadhaa baadaye ili itolewe, na mara nyingi ilikuwa inachungulia nje ya fizi inaingia uchafu. Siku hizi nyingi ni za kolajeni, aina ya protini ya mwili, zinayeyuka zenyewe. Unga wenyewe kazi yake kubwa ni kushikilia nafasi ili fizi na utando visibonyee ndani ya shimo, na kuwa ngazi ya mfupa mpya kupanda. Unaweza kutoka kwenye mfupa wako mwenyewe unaokwanguliwa sehemu nyingine ya taya, au mfupa wa binadamu aliyefariki ulioandaliwa kwenye benki ya tishu, au wa ng'ombe uliochomwa ukabaki madini matupu, au ukatengenezwa kiwandani kabisa. Wa ng'ombe unakaa miaka mingi bila kuyeyuka wote, kwa hiyo kwenye eksirei unaonekana mweupe mzuri na mgonjwa anaona mfupa umerudi, kumbe sehemu ya weupe ule ni ule unga uleule uliowekwa. Hilo lijue ili picha isikudanganye.

Kuna njia ya tatu ambayo hukutajiwa na mimi binafsi kwa jino kama lako la juu ndo naifikiria mwanzo, ni jeli ya protini za enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino. Ilitokana na kazi ya Hammarström na wenzake, Sweden tena, miaka ya 1990. Waligundua kwamba wakati jino linaumbwa utotoni, protini zilezile za enameli zinahusika pia kuanzisha sementi ya mzizi, wakawaza kwa nini tusizirudishe kwenye mzizi wa mtu mzima. Mzizi unasafishwa, unakaushwa damu, jeli inapakwa, fizi inashonwa. Haina utando wa kutunza na jeraha linapona kwa utulivu zaidi. Jambo moja lazima ulijue kabla: jeli hiyo inatolewa kwenye vichipukizi vya meno ya nguruwe wachanga, na tando nyingi za kolajeni nazo ni za nguruwe, nyingine za ng'ombe. Kwa mtu ambaye imani yake inagusa hilo au hataki tu, ana haki kamili ya kuuliza kila kitu kimetoka wapi kabla hajalala kwenye kiti, na zipo mbadala. Daktari asiyeweza kukujibu swali hilo aisome boksi kwanza.

Zipo pia protini za ukuaji zinazotengenezwa maabara, moja ilipitishwa Marekani 2005 inachanganywa na unga wa madini, nyingine ilipitishwa Japani 2016. Na kuna ile ya damu yako mwenyewe, unatolewa damu inazungushwa kwenye mashine mpaka inatengana, donge lile la katikati lenye chembe sahani (zile za kugandisha damu) na seli nyeupe linawekwa kwenye shimo. Hiyo ilianzia Ufaransa 2001. Inasaidia jeraha kupona na kwenye baadhi ya mashimo inaongeza matokeo kuliko kusafisha peke yake, tena ni mwili wako haina mnyama ndani yake, ila sio muujiza kama inavyonadiwa.

Nimekutajia vyote hivyo ili usitishwe na majina, lakini ukweli wangu ninaoamini kabisa ni huu: kwa mgonjwa kama wewe bidhaa ni jambo la tatu. La kwanza ni umbo la shimo, la pili ni wewe mwenyewe, na bidhaa ndo inafuata.

Umbo la shimo kwa nini? Kwa sababu mfupa mpya unatokana na donge la damu linalokaa pale bila kutikiswa wala kusombwa, na linakaa vizuri pale lilipozungukwa na kuta za mfupa. Maji kwenye kikombe yanatulia, ukiyamwaga kwenye sahani bapa yanatawanyika. Shimo lako la gego dogo la juu, kama ni refu na jembamba lenye kuta tatu za mfupa, hicho ni kikombe. Meno yako ya mbele ambayo mfupa umeshuka sawasawa wote, hiyo ni sahani, hamna ukuta wa kushikilia chochote, ndo maana hakuna unga wala jeli duniani leo inayopandisha mfupa wa namna hiyo kwa uhakika, na mtu akikuahidi hivyo muulize anaushikilia na nini.

Na wembamba una maana kweli. Kwenye eksirei tunapima pembe kati ya mzizi na ukuta wa shimo, pembe ikiwa digrii 25 au chini matokeo yanakuwa bora waziwazi kuliko ikiwa digrii 37 kwenda juu. Kina pia, shimo lenye kina lina cha kujaza, la milimita moja au mbili halina haja. Eksirei ya kawaida lakini ni kivuli bapa, kuta za mbele na nyuma hazionekani, kwa hiyo idadi kamili ya kuta daktari anaijua akishafungua au akipima kwa kijiti chini ya ganzi. Kwa hiyo ukiambiwa na daktari mzuri "nitajua vizuri nikifungua", huyo anakuambia ukweli, sio kwamba hajui kazi.

Jino lako la juu, basi. Linacheza kidogo, hiyo peke yake isikutishe, jino lenye uvimbe linacheza na uvimbe ukiisha linatulia sana tu, likiendelea linafungwa na mwenzake kwa waya mwembamba na gundi ili donge la damu lisitikiswe wakati wa kupona. Kabla ya chochote omba lipimwe kama mshipa wake wa ndani uko hai, wanaweka kitu cha baridi sana kwenye jino wanaangalia kama unahisi. Kuna mashimo marefu pembeni ya mzizi yanayotokana na mshipa uliokufa ndani ya jino na sio fizi, na hayo yanatibiwa kwa kusafisha ndani ya mzizi, ukikimbilia unga wa mfupa hapo umetibu ugonjwa ambao haupo.

Gego kubwa la chini. Hapa ndo kile kipimo nilichosema. Kuna kijiti kilichopinda tunakiingiza kwa upande pale mizizi inapogawanyika. Kikiingia chini ya milimita 3, hiyo ni hatua ya kwanza, kusafisha tu kunatosha. Kikiingia zaidi ya hapo lakini hakitokezi upande wa pili, ni hatua ya pili, na kwa magego ya chini hii ndo sehemu ambayo tiba ya kurudisha ina ushahidi mzuri, lengo likiwa kuishusha iwe hatua ya kwanza au ifunge kabisa. Kikitokeza upande wa pili, hatua ya tatu, hapo kurudisha mfupa hakutabiriki na mimi nisingekuchukulia pesa kwa hilo. Lakini hata hatua ya tatu sio hukumu ya kung'oa moja kwa moja! Kuna watu wanafunguliwa njia ya chini kwa makusudi ili brashi ndogo ipite kati ya mizizi wasafishe kila siku, na wanakaa na gego hilo miaka mingi. Kwa hiyo muulize daktari namba ya hatua, moja mbili au tatu, asikuambie tu "limeliwa".

Meno ya mbele: yasafishwe, mifuko ibane, uvimbe uishe, yatunzwe. Fizi zitashuka kidogo uvimbe ukiisha, meno yataonekana marefu na katikati kutakuwa na nafasi, maji ya baridi yatakusumbua kwa muda, nakuambia mapema ili usifikiri kusafishwa ndo kumeharibu. Ugonjwa ukisimama, meno yenye mfupa uliopungua yanaweza kukaa miongo na miongo.

Sasa sigara mdogo wangu. Mwaka 1995 mtafiti Tonetti na wenzake waliangalia wagonjwa waliofanyiwa tiba ya utando, wasiovuta walipata mshiko mpya wa wastani wa milimita 5.2, wavutaji wakapata 2.1. Tiba ileile, aina ileile ya mashimo, chini ya nusu. Sigara inabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi, inadhoofisha kinga, inachelewesha jeraha, na donge lile la damu tunalolitegemea linakosa lishe. Tena inaficha ugonjwa, fizi ya mvutaji inavuja damu kidogo kuliko ilivyo hali halisi, kwa hiyo wewe kuvuja miaka yote hiyo huku unavuta inanipa picha kwamba uvimbe ni mkubwa. Ukiacha, wiki za mwanzo unaweza kuona damu inaongezeka ukaogopa, usirudi nyuma hapo, ni fizi inaanza kupata damu yake. Kwenye mgawanyo wa ugonjwa huu uliotolewa kimataifa 2018, sigara kumi au zaidi kwa siku zinakuweka kwenye kundi la ugonjwa unaokwenda kasi, na uko palepale kwenye mstari. Kisukari nacho kina uzito huohuo, kipimo cha sukari cha miezi mitatu kikiwa asilimia 7 au zaidi unaingia kundi hilohilo. Hujataja kisukari, ila kwa miaka 41 na mfupa huo ningekutuma upime kabla ya kitu chochote, wapo watu wengi wanaogundua kisukari kupitia fizi. Na kama unatumia dawa yoyote ya kuimarisha mifupa au ya kuyeyusha damu, sema mapema.

Najua kuacha sigara sio jambo la kusemwa kwa mstari mmoja. Lakini miezi mitatu ile ya kusubiri baada ya kusafishwa ndo muda wako, itumie hiyo, omba msaada wa daktari, kuna vibandiko na tafuna za nikotini na dawa. Binafsi simpangii mgonjwa upasuaji huu kama bado anavuta kumi kwa siku au kama ukoga na damu bado vinaonekana kwenye zaidi ya kama asilimia 20 ya sehemu za meno yake, na sio kumwadhibu, ni kwa sababu namuonea huruma atateseka kwa kitu ambacho najua hakitashika.

Tuseme umefika, mdomo safi, sigara umeacha, mfuko wa lile la juu bado milimita 7. Siku yenyewe inakuwaje? Ganzi ya kawaida tu, hulazwi usingizi. Siku hizi tunakata kidogo sana, toka miaka ya 2000 mtafiti Cortellini na yule Tonetti wameonyesha kwamba kufungua upande mmoja tu kwa kidirisha kidogo na vifaa vya kukuza kinachoonekana kunafanya jeraha litulie na maumivu yapungue. Inasafishwa, inapakwa jeli au inawekwa unga na utando kulingana na shimo, inashonwa kwa nyuzi nyembamba kama unywele. Uvimbe siku mbili tatu. Nyuzi zinatolewa baada ya wiki moja hadi mbili. Hapo upande huo hupigi mswaki wiki kadhaa mpaka uambiwe, unasukutua na klorheksidini, dawa ya kuua bakteria, ambayo itakupaka rangi ya kahawia kwenye meno na ladha kuvurugika, inaondoka ikisafishwa, na hutafunii upande huo. Usijivute mdomo kuangalia kwenye kioo kila saa, naomba sana, wengi wanafungua jeraha kwa hivyo. Halafu miezi sita ya kwanza hakuna mtu anayeruhusiwa kuingiza kijiti cha kupimia pale, hata daktari mwingine, nyuzi changa zinazoanza kushika jino zinakatika. Eksirei ya maana inapigwa mwaka mmoja baadaye.

Utegemee nini? Tafiti zikijumlishwa, tiba hizi kwenye mashimo ya namna hiyo zinaongeza mshiko kwa wastani wa kama milimita 1.3 juu ya kile ambacho upasuaji wa kusafisha tu ungekupa. Namba hiyo inaonekana ndogo lakini kwenye mzizi wenye urefu wa milimita kumi na kitu, na mfuko uliokuwa 7 ukawa 4 au 3, ndo tofauti kati ya sehemu unayoweza kuisafisha na usiyoweza. Shimo zuri jembamba linaweza kuvuka wastani huo sana. Kurudi kama ulivyokuwa na miaka 18, hapana.

Na kuhusu kung'oa ukaweke implanti, hapa nina msimamo. Cortellini na wenzake waliwachukua watu 50 wenye jino ambalo mshiko umeliwa mpaka kwenye ncha ya mzizi au kuipita, yaani meno ambayo yanaitwa hayana matumaini, nusu wakang'olewa wakawekewa implanti au daraja na nusu wakafanyiwa tiba ya kurudisha. Baada ya miaka 5 asilimia 92 ya meno yaliyotibiwa yalikuwa bado mdomoni, baada ya miaka 10 asilimia 88. Walikuwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, mikono ya mabingwa, na walirudi kusafishwa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo usichukue namba hizo kama ahadi yako. Lakini inatosha kuonyesha kwamba neno "halina matumaini" linatamkwa mapema mno. Lako wala halijafika huko. Implanti nayo ni kitu kizuri sana pale jino lilipokwisha kweli, ila watu wanaichukulia kama haigui, inaugua! Fizi na mfupa unaozunguka implanti unaliwa kwa ugonjwa unaofanana na huuhuu, na aliyewahi kuumwa fizi na anayevuta sigara ndo yuko kwenye hatari zaidi, na kuutibu huko ni kugumu kuliko kwenye jino. Ukiweka implanti kwenye mdomo ambao ugonjwa haujasimama umeuhamisha tu. Na jino likishang'olewa limeenda, wakati ukijaribu kuliokoa likashindikana, implanti bado iko pale.

Dawa za kusukutua za mtandaoni acha. Chochote unachosukutua hakifiki chini ya mfuko wa milimita 7, na hata kingefika hakiyeyushi ugaga wala hakiundi nyuzi. Mafuta, mkaa, unga wa mitishamba, vidonge vya kalisi, ni hivyohivyo. Kalisi na vitamini D mwili unavihitaji, ukipungukiwa ongeza, ila havijazi shimo la jino. Ubaya wake mkubwa ni kwamba damu inapungua kidogo, mtu anaona nafuu, anapoteza mwaka na shimo linaendelea kimyakimya. Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa aina nyingine za seli, nazo utazisikia sana, mwaka 2004 watafiti Marekani walizitoa kwenye nyuzi za magego ya mwisho yaliyong'olewa na Wajapani wamejaribu kuzipandikiza kwa wagonjwa wachache, ni kazi ya kutia moyo na ninaifuatilia kwa hamu, lakini anayekuuzia leo kama tiba ya kawaida anakuuzia kitu ambacho bado kiko kwenye utafiti.

Kwa hiyo fanya hivi. Rudi kwa huyo daktari wa pili, au bora zaidi kwa mtaalamu wa fizi kama unaweza kumfikia, omba karatasi ya vipimo vya mifuko kwa kila jino, sehemu sita kila moja, omba hatua ya gego la chini, omba kipimo cha baridi cha lile la juu na kipimo cha sukari. Anza kusafishwa kwa kina na uanze kupunguza sigara wiki hiyohiyo. Baada ya miezi mitatu vipimo virudiwe, na hapo muulize shimo lina kina gani na kuta ngapi, anapendekeza nini na kimetoka kwa mnyama gani, na atakuona mara ngapi mwaka wa kwanza, akijibu hilo la mwisho kwa kusitasita tafuta mwingine maana bila ufuatiliaji hakuna kitakachodumu. Fizi ikianza kuvimba ghafla na usaha au homa kabla ya hapo usisubiri tarehe, nenda siku hiyo. Namba zikishatoka, za kwanza na za pili, niandikie zote mbili na nitakuambia jino kwa jino ningefanya nini.